Mfereji Nyuma ya Jino la Mama Kulwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeng'oa meno manne kabla ya saa nne. Magego yote. Mashine ya kunyonya mate imegoma tena, muuguzi wangu, Sista Neema, anahangaika na pamba. Halafu akaingia Mama Kulwa wa Nyarugusu, kule machimboni Geita. Nilidhani nimeshamalizana naye.

Mwaka jana alikuja hapa Shinyanga na usaha kwenye fizi, jino la pili kutoka katikati, juu kushoto. Nikamuuliza kazi yake. Akasema yuko mwaloni, pale machimboni wanapooshea, anaosha mchanga wa dhahabu na kuichoma kwa zebaki. Sikuuliza zaidi. Huku kwetu fizi ikioza kwa mtu wa machimbo, jibu liko tayari: zebaki. Nikamsafisha, nikampa dawa, nikamwambia aache kazi ile. Akaacha, akaanza kuuza nyanya. Usaha umerudi, na sasa jino linacheza. Ameniomba nisimwachie pengo la mbele. Nimempangia kung'oa Jumatatu ijayo. Nimechukia.

Jumatano, 5 Machi
Napiga mswaki asubuhi, wazo likanipiga. Zebaki ingekula fizi zote. Kwa nini jino moja tu? Nimesimama na povu mdomoni kama mjinga.

Nimewahi kazini, nikatoa picha yake ya eksirei ya mwaka jana. Kuna mstari mweusi mwembamba kandokando ya mzizi. Ulikuwepo siku zote. Nilimpa hukumu mgonjwa kabla ya kumtazama. Nimempigia simu: Jumatatu aje, lakini sing'oi kitu mpaka nipime upya.

Jumatatu, 10 Machi
NIMEUONA.

Nimepitisha kipimo nyuma ya jino, upande wa kaakaa. Milimita tatu, kawaida. Tatu. Kisha kikazama: tisa! Hatua moja mbele, tatu tena. Shimo jembamba, mahali pamoja tu. Nikapuliza hewa, nikaweka kioo, na mfereji ule pale, umeanzia nyuma ya jino ukaingia chini ya fizi kufuata mzizi. Amezaliwa nao. Wadudu wanapita humo, mswaki haufiki, fizi inaoza, na sasa hata ndani jino limekufa. Nimeligusisha barafu, hakusikia chochote. Miaka yote ya kazi nimeuona kwenye picha za darasani tu. Nimecheza kidogo. Sista Neema ameniona.

Kisha ikabidi nimwambie mwenyewe. Alikaa wima kwenye kiti.

"Kwa hiyo nimeuza nyanya mwaka mzima kwa ajili ya jino lililozaliwa hivyo?"

Nikasema ndiyo. Nikasema kosa ni langu. Zebaki ni sumu, hilo halibadiliki, ila kwa jino hili niliisingizia. Akageuzia uso dirishani. Nimeona aibu ya kweli, na bado moyo unanidunda kwa furaha, mambo mawili kwa pamoja. Nimesafisha mzizi kwa ndani na kuuziba. Upasuaji wa fizi, ili niufuate mfereji na kuuziba, ni tarehe 20. Nimemweleza bila kuficha: mfereji ukifika hadi ncha ya mzizi, jino halitapona. Itakuwa pengo.

Ijumaa, 14 Machi
Ninafanya mazoezi kwenye meno niliyong'oa. Nayachonga mifereji, nalainisha, naziba kwa simenti ya meno. La saba limetoka safi. Sista Neema anasema nimerukwa na akili.

Simu ya Mama Kulwa haipatikani tangu jana. Asipokuja, nitamlaumu nani? Naogopa.

Alhamisi, 20 Machi
Saa tatu, hayupo. Saa nne, hayupo. Nimekagua vifaa mara tatu. Saa nne na nusu akatokea, vumbi hadi kwenye nyusi. Basi liliharibika karibu na Kharumwa, akamalizia kwa bodaboda. "Mwangaluka, daktari," akanisalimu kwa Kisukuma, kama vile hatujawahi kukosana. Nimetaka kumkumbatia.

Kabla ya ganzi nikamuuliza kama bado anakubali. Akasema, "Kule kwetu machimboni, mwamba wa dhahabu unaufuata mpaka uishe. Ukiachia njiani, umechimba bure."

Basi nikaufuata. Nikafunua fizi, nikakwangua uchafu, mfereji ukaendelea. Ukaendelea tena. Nikaanza kutokwa jasho. Sista Neema akasogeza taa karibu. Milimita mbili kabla ya ncha, ukaisha! Nimepiga kelele ndani ya barakoa, mgonjwa akashtuka, nikaomba radhi. Nimeuchonga ukawa laini, nikaujaza simenti, nikashona. Mikono imetulia hadi uzi wa mwisho.

Nimekula ugali na sato, sahani mbili. Sijafurahi hivi tangu nianze kazi hii.

Jumatatu, 22 Septemba
Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi. Wagonjwa wachache.

Mama Kulwa kaja kupimwa. Nyuma ya jino: tatu, tatu, tatu. Nimepima mara ya pili. Hakuna usaha. Jino halichezi. Kwenye picha mpya, mfupa umeanza kurudi. Hajarudi kuchoma dhahabu. Anasema wateja wa nyanya wameshamzoea, na kichwa hakimuumi tena kama enzi za moshi wa zebaki.

Alikuja na mapacha wake, wasichana wa miaka tisa, meno mapya ya mbele yametoka juzijuzi. Akataka niwatazame kwa nyuma, pale pale. Kulwa hana kitu. Doto anao. Ni mfereji mfupi, kipimo kinaishia milimita mbili, fizi nzima kabisa. Tumeuwahi mapema, nitauziba tu juu juu na kuuangalia kila baada ya miezi sita.

Mama yao aliinama akachungulia kwenye kioo, akauona mwenyewe.

"Huyu sasa usimsingizie zebaki."

Nimesema sitafanya hivyo. Nimemwandikia Doto kadi yake.