Kidari cha Baba

Alhamisi, 6 Oktoba 1994
Torsten anagonga taipu tangu alfajiri. Makala ya gazeti la kwao. Huko Uswidi alikuwa mtu wa kubishana na mawaziri redioni. Hapa Njoro ni mume wangu, na mnunuzi wa kahawa mwenye leseni mpya na ghala tupu. Ndio msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi; hadi mwaka jana kahawa ilikwenda kwa ushirika tu. Wakulima wanatutazama tu. Jumapili tunawachinjia mbuzi wawili nyumbani kwa Baba, Marangu. Baba akituuzia, majirani watafuata. Asipotuuzia, tumekwisha.
Chai yake imepoa mara mbili. Nampenda, lakini siipashi mara ya tatu.

Jumapili, 9 Oktoba
Aibu.
Nilikuwa jikoni na shangazi zangu, tunamenya ndizi. Natoka, nakuta nyama inaning'inia kwenye mizani yetu ya kahawa. Wachinjaji walimwachia Torsten kisu kwa heshima, mgeni na mbuzi wake. Naye kapima mafungu sawasawa, mzee kwa kijana. Anatabasamu! Miaka yote kaandika kuhusu usawa, leo kaugawa kwa kilo. Kidari, ambacho kwetu ni cha mzee wa nyumba, kakikatakata vipande vipande. Baba akapewa mbavu tatu na kipande cha paja, kama kila mtu. Aliiweka nyama chini juu ya jani la mgomba, akaingia ndani, akafunga mlango. Wageni wakamaliza pombe ya mbege upesi, wakaaga.
Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimemweleza Torsten maana ya kidari. Amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Kisha kakaa kwenye taipu: kurasa tatu za kumthibitishia Baba kwamba nia ilikuwa njema, hoja ya kwanza mpaka ya sita. Nimezitia kwenye jiko la mkaa. Baba si waziri.

Jumatano, 12 Oktoba
Hakuna hata gunia. Mama Ndeshi, jirani wa Baba, kauza kwa mnunuzi mwingine. Nimesoma naye darasa moja. Inauma.
Mchana imekuja faksi. Gazeti la kwao linamtaka Torsten arudi Desemba, awaandikie kila siku. Kaiweka mezani, kaenda kufagia ghala lisilo na uchafu.
Sitaki kwenda. Naandika hapa kwa sababu yeye sijamwambia. Akisema twende nitakwenda, na nitamchukia kidogo.

Ijumaa, 14 Oktoba
Nimejua Torsten anakokwenda kila asubuhi. Siku tatu yuko buchani sokoni, anafundishwa kutoa kidari kizima. Mwenye bucha anasema mwanafunzi ana mkono mzito lakini anasikiliza. Anasikiliza! Torsten! Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Jumamosi, 15 Oktoba
Tumepanda Marangu na mbuzi mmoja. Kaka yangu kachinja, Torsten kapasua. Kidari kimetoka kizima, ingawa kingo zimechanika vibaya. Kakibeba kwa mikono miwili hadi mlangoni kwa Baba. Alikuwa na hotuba, nilimsikia akiikariri njia nzima. Kafika, ikayeyuka.
"Shikamoo, Baba. Hiki ni chako."
Baba kakipokea, kakigeuza, kakikagua.
"Marahaba. Umekata kama unachimba viazi, mkwe wangu."
Mkwe! Miaka minne alikuwa anamwita "yule bwana". Kikachomwa. Kilipoiva, Baba kakata kipande, kampa Torsten kabla ya kaka zangu. Torsten kalia mbele za watu, hana haya. Nami nimelia.

Jumanne, 18 Oktoba
Magunia manane ya Baba yamefika asubuhi. Mama Ndeshi kaleta mawili, pamoja na mkungu wa ndizi na kisingizio kirefu. Nimepokea vyote.
Torsten kawajibu watu wa gazeti kwa barua ya mistari miwili. Anabaki, na anawashukuru. Hajawahi kuandika kwa ufupi hivyo. Nimeomba niipeleke posta mwenyewe. Mvua ikanikuta nikirudi. Sikukimbia. Nimepitia sokoni, nimenunua maharage.