Kitambaa Cheupe cha Kina Nevena

Kwa mdogo wangu mpendwa Kamen,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo na wale watoto ambao siku hizi nawaona kwenye simu tu, tena vichwa nusu. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti yananigombeza kila nikipanda ngazi. Theluji imeondoka, korongo wamerudi kwenye nguzo yao ya umeme, na mplamu wa baba umechanua. Mjukuu wangu Ralitsa hajambo. Mama yake bado yuko Uhispania na kazi zake za hoteli, kwa hiyo nyumbani tumebaki mimi na yeye na kelele zake.

Nakuandikia kwa sababu ya jirani yetu Nevena. Najua utacheka, useme Dada Zlatka ana miaka sitini na minane na bado anamwonea Nevena wivu kama tulipokuwa shuleni. Cheka tu, ni kweli. Tangu serikali mpya ilipomrudishia mashamba na kinu cha babu yake, vilivyochukuliwa enzi za ukomunisti, paa lake jipya linanichoma macho kila nikifungua dirisha. Langu linavuja palepale lilipovuja enzi za mama. Mimi nilifundisha miaka thelathini na mitano. Yeye alitunga majani ya tumbaku kwenye uzi mpaka vidole vikawa vyeusi. Sasa nani tajiri? Nilikuwa na faraja moja tu: pamoja na mali yote ile, anakula kwenye meza tupu. Kila Pasaka nampelekea mkate mtamu na mayai mekundu, naye anaviweka juu ya mbao hivihivi. Nikirudi nasema moyoni, mwenye kinu huyo, hata kitambaa cha meza hana.

Basi mwezi wa kwanza walimu wakawaambia watoto kila mmoja aandike kumbukumbu za mzee mmoja, zisomwe kwenye ukumbi wa kijiji. Nilifurahi, Kamen. Nikatoa picha zangu za shuleni nikiwa na skafu nyekundu ya watoto wa Chama, nikazifuta vumbi, nikakaa kusubiri kuulizwa. Ralitsa akaenda kwa Nevena. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, “Bibi, za kwako nazijua. Kila mtu alikuwa na kazi, wote tulikuwa sawa, baharini tulipelekwa bure. Haya, nimekosea wapi?”

Niliumia. Nikamwambia kwamba babu yake Nevena aliwapinda watu migongo, na babu yetu sisi alibeba magunia pale kinuni mpaka akatoka kibyongo. Mtoto akayapeleka maneno yote, na kesho yake akanirudishia jibu. Nevena alisema, “Mwambie Mwalimu ni kweli, babu yangu alikuwa bahili na mkali. Lakini kinu chenyewe walikichukua mimi sijazaliwa. Sasa huo usawa wake mbona mimi ulinipita?” Nilipata hasira.

Tangu hapo kila alasiri mtoto alikuwa kule, na mimi nachungulia dirishani kama mke anayemshuku mumewe. Akirudi anacheka peke yake. Nikimuuliza Nevena kasema nini, ananiambia nitasikia siku ya kusoma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili iliyopita, ukumbi umejaa. Ralitsa akasoma kwamba Nevena alikuwa wa kwanza kwa hesabu, akafaulu mtihani wa kwenda chuo kule mji mkuu, Sofia, lakini karatasi ya mwenendo kutoka kamati ya vijana wa kijiji ikamtangulia. Miaka mingi baadaye, majalada ya siri ya serikali ya zamani yalipofunguliwa, aliisoma mwenyewe. Ilikuwa na mstari mmoja: kwao, hata siku za kazi, wanatandika kitambaa cheupe mezani, yaani bado wanajiona mabwana. Watu ukumbini wakacheka. Juu ya kitambaa hicho, Ralitsa akasoma, walikuwa wakila maharage. Siku jibu la chuo la kumkataa lilipofika, mama yake alikikunja, na meza yao haijavikwa tena mpaka leo.

Akamalizia kwa maneno ya Nevena mwenyewe: “Aliyeandika nilimjua, maana maharage hayo alikuwa akila na sisi. Jina silitaji. Kila Pasaka ananiletea mkate, na mkate wake ni mzuri.”

Kamen, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ile. Hakuna aliyenilazimisha. Nafasi ya chuo kwa kijiji chetu ilikuwa moja nami niliitaka, lakini nikikuambia ni nafasi tu nitakuwa nakudanganya. Unakumbuka sisi tulikula juu ya magazeti, na wewe ukitusomea habari zilizo chini ya sahani? Kule kwao mama yake alinitandikia mimi, mjukuu wa mbeba magunia, kama mgeni wa heshima. Nilirudi nyumbani nikiwachukia. Nilitaka kitambaa kile kiwe chetu, na kwa kuwa haikuwezekana, nikataka kisiwe chao. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Nevena nilikuwa mimi.

Tukiwa njiani kurudi, Ralitsa akaniuliza, “Bibi, wewe ulisoma naye. Huyo aliyeandika ile karatasi unamjua?” Ningeweza kusema simjui. Nilimwambia tukifika nyumbani tutakaa. Tulipokaa nikamwambia. Hakulia, wala hakunipigia kelele. Alikwenda kuleta daftari na kalamu, akafungua ukurasa mpya, akasema, “Haya, Bibi. Anza mwanzo.” Majira yote ya baridi nilikuwa nikitamani aniandike mimi. Sasa ananiandika.

Wasalimie wote, na mgongo usiupuuze. Ukija Pasaka niletee kitambaa cheupe kikubwa, maana huku duka letu lina vya plastiki tu. Nitampelekea Nevena pamoja na mkate. Atanipokea, najua, na hilo ndilo linaloniuma. Hata kusamehe amenitangulia.

Ni mimi dada yako,
Zlatka