Doa Jeupe Usoni mwa Baba

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi kapiga simu asubuhi. Anahamia kwa mwanawe, mbali, na anataka picha yake ya baba, ile ya ukutani kwetu. Anakuja kuichukua Jumapili. Mama kaitikia haraka haraka – ndiyo wifi, haki yako wifi, karibu wifi – kisha kakata simu na chai yake hakuigusa tena.

Picha ni ya Shangazi kweli. Alituazima siku ya msiba wa baba, miaka tisa iliyopita, kwa sababu sisi hatukuwa na hata moja. Baba na kamera hawakupatana. Hata harusi yao, mpiga picha alitoweka na mkanda mzima! Ndiyo maana mpaka leo Mama akikasirika mimi ni "nyie watu wa picha". Hakuna popote walipokaa pamoja, yeye na baba, wakapigwa.

Na mimi je? Nilikuwa na kamera miaka mitatu baba akiwa hai. Nikimwambia akae nimpige, ananijibu ngoja kwanza nitie jino la mbele. Nikangoja! Maharusi wa watu nimewapiga mpaka nimepoteza hesabu. Baba yangu mwenyewe sina. Naona aibu kuliandika hilo.

Basi nikasema, rahisi: naipiga picha hiyo picha, nakala inabaki. Rahisi! Unyevu umeigandisha kwenye kioo, ukiibandua uso wa baba unabaki na kioo. Kwa hiyo lazima niipige na kioo chake. Halafu Mama hataki ishushwe. Siku ikishuka hapo ukutani imeshaondoka, kasema, na mjadala umefungwa. Nikapachika flashi juu ya kamera kama ninavyofanya kazini siku zote. Pwaa! Doa jeupe, katikati ya uso. Nikasogea kushoto – doa sikioni, na baba kakaa mshazari. Nikazima flashi – dirisha la ukuta wa pili likaingia kwenye kioo, nondo zake zote. Baba yuko jela. Mama kapita na ufagio, kachungulia, kauliza mbona nammulika mume wake tochi ya macho.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Paspoti. Ndivyo tunavyomwita, studio yake haijawahi kupiga kitu kingine. Kaniacha nieleze mpaka mwisho ndipo akacheka. Mwanga unatoka kwako, unagonga kioo, unarudi kwako, kasema, ulitegemea uende wapi? Flashi mbili, moja kila upande, mbali na kamera. Ziipige picha kwa ubavu. Somo la wiki ya kwanza hilo, kaongeza. Nimelimeza, kwa sababu kaniazima flashi yake moja na stendi.

Nyumbani sasa. Unazifungaje? Flashi chini ina mguu bapa, wa kuteleza juu ya kamera. Stendi ya Paspoti juu ina skrubu nene. Tripodi yangu ina skrubu nyembamba. Hakuna kinachoingia kwenye mwenzake! Nimekaa sakafuni na vyuma vitatu visivyojuana. Mwishowe nikafunga flashi kwa utepe wa gundi, zungusha, zungusha, ikashika. Nikarudi nyuma hatua mbili niitazame. Ikainamisha kichwa taratibu, ikaangukia mguu wa Mama. Na ilikuwa ya Paspoti, si yangu, ingekuwaje vingine? Flashi nzima. Mguu mzima. Ila nimehubiriwa alasiri yote.

Alhamisi, 6 Juni

Jana kazini, harusi, sikugusa kitu. Leo kaja shemeji, mume wa dada, fundi mageti. Kapima kwa vidole, kaenda karakana, karudi na kipande cha chuma kilichokunjwa pande mbili ili mguu wa flashi uteleze ndani, na chini nati ya ile skrubu nene. Kasema hata tembo akikalia hakipindi. Nani kamwambia kuna tembo?

Flashi ikaingia vizuri. Nikaiwasha. Pwaa! Yenyewe! Pwaa! Pwaa! Chuma kinagusa vile vidoti vya chini vinavyoiamuru iwake. Naona nyota, sebule nzima ya kijani. Shemeji: "Angalau tumejua inawaka." Nimebandika utepe wa fundi umeme kati ya chuma na vidoti, ikanyamaza. Halafu stendi yote ikapinduka kwa uzito wa hicho chuma cha tembo. Nimeidaka hewani, kidole kimevimba. Tumening'iniza kidumu cha maji katikati ya miguu yake, sasa imetulia.

Hiyo ni moja. Ya tripodi bado. Shemeji hana nati nyembamba hivyo. "Mimi natengeneza mageti, shemeji, si hereni." Kaondoka, kaacha nyundo na misumari yake mezani. Siku tatu zimebaki. Nina hasira na kila kitu chenye skrubu.

Ijumaa, 7 Juni

Siamini! Mama anashona kifungo. Kwenye kopo lake la uzi kuna kile kijiguu cha plastiki kilichokuja na flashi yangu ikiwa mpya. Nilidhani ni cha kuisimamishia mezani tu, nikampa, akakifanya cha kuchomekea sindano. Leo kakigeuza – chini kina tundu, na ndani ya tundu nati ya shaba. Nyembamba! Nimekipora mkononi mwake. Kwenye skrubu ya tripodi, mizunguko mitatu, kimekaza. Flashi juu yake, tik.

Miaka kumi na miwili. Na najiita mtaalamu. Mama kasema nikimaliza nirudishe, sindano zake hazina pa kukaa.

Jumamosi, 8 Juni

Zimesimama mbili, moja kila upande wa baba. Hazipigi! Kamera iko mkononi mwangu, zenyewe ziko kule, nani aziambie? Zina kijicho, kweli – zikiona flashi nyingine zinaitikia. Basi nikafungua kile kiflashi kidogo cha kamera kiziamshe. Zikaamka zote mbili. Na kiflashi kikaingia kwenye kioo. Doa! Dogo, lakini palepale, kwenye pua.

Nikapiga teke kidumu cha maji. Maji sebule nzima. Mama kaja na tambara, kapiga magoti anapangusa, kisha bila kuniangalia: "Acha, mwanangu. Nitamkumbuka hivihivi tu."

Nikamfokea. Nilimwambia hatamkumbuka, mimi mwenyewe nimeshasahau jicho lipi lilikuwa dogo, na ndiyo maana sitaki kuacha. Akakamua tambara. Baadaye, akiwa jikoni, kasema la kushoto.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nimepata dawa ya kiflashi. Kipande cha kadi mbele yake, mwanga unapanda darini, zile mbili zinauona, kioo hakiuoni. Kitu kidogo namna hiyo! Likabaki dirisha. Pazia halizuii kitu, kwa hiyo Mama kachukua blanketi jeusi, kasimama dirishani, kaliinua kwa mikono miwili. Mimi nimevaa nguo nyeusi mpaka shingoni nisionekane kwenye kioo. Kabla sijapiga hata moja, Shangazi hodi! Saa mbili kabla ya wakati tuliopatana. Gari limezimwa nje, dereva anapiga honi kila dakika.

Shangazi kakaa na mkoba mapajani. Hana ubaya. Kasema piga mwanangu, nangoja.

Nikapiga moja. Flashi ya Paspoti ikawaka taa nyekundu, betri kwisha. Lakini ile moja imetoka. Nimeitazama kwenye kamera. Hakuna doa. Baba, koti jeusi, pengo la jino, jicho la kushoto dogo. Na begani kwake, kwenye weusi wa koti, kuna mtu.

Ni Mama. Kioo kimemchukua kutoka dirishani, blanketi nyuma yake, mikono juu. Anamtazama baba, wawili kwenye picha moja, kwa mara ya kwanza. Sijawahi kumwona akiangalia hivyo, maana siku zote mimi nimempa mgongo.

Ni kosa, kikazi. Nakala ina kivuli cha mtu, haifai, mtu yeyote wa studio angeitupa. Nisingoje hata kufikiri: betri zikijaa kidogo, blanketi napigilia misumari ya shemeji, Mama anakaa kando, napiga safi. Moja tu, ndiyo itakayokaa ukutani. Halafu Shangazi anashusha fremu na ndiyo basi.

Sijamwonyesha mtu. Nimesema nakuja, naweka betri, nimekimbilia jikoni. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji, chaja pembeni. Namsikia Shangazi anamwambia pumzika wifi, shusha mikono. Mama anasema hajachoka.

Misumari iko hapa, nimeishika. Honi tena. Taa ya chaja imegeuka kijani.

Mama anauliza kutoka sebuleni asimame palepale au asogee.