Maji ya Zamu Yako Hayafiki Tena

Babu,

Wanawake hatwendi makaburini, na Baba akija kukuzuru hatuambii amekwambia nini. Nahisi hakwambii kweli. Kwa hiyo nakuandikia mimi, tena kwa Kiswahili, maana insha zangu za Kiarabu ulisema zinanifanya nisikike kama msoma taarifa ya habari.

Migomba imekufa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza mwanzo. Yote, hata ule wa mkono wa tembo uliokuwa ukiufunika kwa gunia jua likizidi, Bibi akikucheka kuwa unalea. Mitende bado imesimama, lakini ule wa tende za khalasi ulio karibu na ukuta umeanza kukauka makuti ya juu, na Baba anasema makuti ya juu yakikauka si dalili nzuri.

Sababu ni falaji, mfereji wetu wa maji kutoka huko juu. Ijumaa tulipokuja shambani kwako kutoka mjini Ruwi kwa zamu yetu ya maji, Baba alitoa jiwe na matambara kwenye mlango wa mfereji, tukakaa kungoja. Maji yalikuja membamba kama kidole changu, yakalowesha mchanga, yakaishia kabla ya mtende wa pili. Wewe ungevua viatu ukayasalimia, "Karibu bwana mkubwa, leo umechelewa." Nilitaka kuyasema hayo. Nikaona haya kuyasema mbele ya maji madogo vile.

Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu, Babu, kwa hiyo nitasema na yaliyofanywa. Watu wa wizara ya maji wamekuja. Wametengeneza sehemu za mfereji zilizobomoka. Wamepiga marufuku visima vipya huko juu karibu na chanzo, na visima vya zamani wamevifungia mita kwenye pampu. Wameweka bango kubwa lenye picha ya tone la maji linalocheka. Skuli kwetu alikuja bibi mmoja wa wizara hiyo akatueleza namna maji ya chini ya ardhi yanavyokwenda, akaeleza vizuri sana, nikawa na maswali mengi na sikuuliza hata moja. Mwisho tukapewa kila mtu stika ya tone lile lile.

Na chini ya bango hilo hilo, kila wikendi, watu wa mjini wanaosha magari. Wanaacha makaa, makopo, nepi za watoto, pale pale mfereji unapoanza, ambapo uliniambia ni pa maji ya kunywa tu, na ukanizuia hata nisitie mguu. Faini imeandikwa kwenye bango kwa maandishi mekundu. Sijaona mtu akilipishwa.

Lakini hayo bado si kitu. Kitu ni Ami Khalfan.

Najua ni mwanao. Nimefuta sentensi hii mara kadhaa, sasa naiacha. Shamba alilonunua huko juu lina kisima cha zamani. Aliomba ruhusa ya kukisafisha, akapewa. Baada ya ruhusa ikaja mashine ya kuchimba. Sasa kisima kina pampu mbili: moja yenye mita, anayowaonyesha wageni wa serikali, na nyingine ndani ya banda, nyuma ya majani ya mbuzi, ambayo kijiji kizima kinaijua. Amejenga nyumba ya mapumziko ya kukodisha, na mbele yake bwawa la kuogelea, na kila familia mpya inapokuja bwawa linajazwa upya. Niliogelea humo na binamu zangu kabla sijajua. Maji yalikuwa baridi, mazuri. Yalikuwa maji yako.

Afisa wa wizara alikuja barazani kwako kuuliza kama kuna mtu anayejua kisima kinachovuta zaidi ya ruhusa. Mimi na Bibi tulikuwa jikoni, mlango wazi, tunasikia yote. Wanaume wote walikuwapo, na Baba pia. Wakili wa falaji, msimamizi wa zamu za maji, akajibu kwa niaba yao kuwa mvua tu imekataa mwaka huu, ustadhi. Na aliyekuwa akimmiminia afisa kahawa ni Ami Khalfan. Afisa akaacha namba yake ya simu, akasema hata ukipiga kwa siri sawa, akaondoka.

Garini nilimuuliza Baba mbona hakusema. Akasema mtu hamshitaki ndugu yake serikalini, watu watatucheka mpaka wajukuu. Bibi nilimuuliza pia. "Nimemzaa mwenyewe," akasema. "Nna la kusema gani?"

Basi nikafanya jambo. Ulinihadithia ulivyofika huku kutoka Unguja, Kiarabu chako cha kitoto, watu wanakwita Mzinjibari na hakuna anayetaka kukuuzia zamu ya maji. Ukaenda nyumbani kwa wakili wa siku zile, ukapewa kahawa, ukakiweka kikombe chini kwenye mkeka bila kuonja, kwa sababu ulishaona kuwa hapa mgeni mwenye haja hanywi mpaka mwenye nyumba akubali kumtimizia. Na wakili akakubali.

Sikukuu tulikwenda kwa Ami. Binti yake akanimiminia, nami nikakiweka kikombe chini.  Mke wa Ami akasema kahawa inapoa, mwanangu. Ami akaona, akacheka kwa nguvu. "Msomi wetu kaja na haja. Sema, unataka simu mpya?"

 Nilisema, Babu. "Nataka uzime pampu ya bandani, Ami. Zamu ya Babu haifiki."

 Baba alitazama vidole vyake vya miguu. Ami akasema ninywe kahawa, hayo ni mambo ya wakubwa. Sikunywa. Akasema mila hiyo ni ya wanaume, tena wa zamani, nani kaniruhusu.  Tulitoka kikombe kimejaa, na mke wa Ami alilia mlangoni. Hakulilia maji. Alilia kwa kuwa mgeni ametoka nyumbani mwake bila kunywa.

Tangu siku ile binamu zangu wananiita Wizara. Nikiingia tu wanasema, "Wizara hiyo imefika, ficheni mabomba." Nacheka nao, halafu nakwenda chumbani.

Baba hakunigombeza. Hakunisifu pia. Siku chache nyuma alikwenda kwa Ami peke yake, na aliporudi Bibi akamuuliza kama amekuta kahawa.

"Nimeikuta," akasema Baba. "Sikunywa."

Bibi akaingia ndani kusali na hakutoka kwa muda mrefu.

Lakini pampu inaendelea. Ijumaa upepo ukitoka juu naisikia nikiwa chini ya mitende yako. Ndilo linalonichoma: sheria ipo, mita ipo, bango lipo, sote tunajua, na maji yanakwenda bwawani.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Ikiwa tende zitaanza kuiva kuwa rutabu na pampu bado inalia, nitampigia yule afisa. Sitapiga kwa siri. Nitataja jina langu, na la Baba, na lako. Na kabla sijapiga nitakwenda kumwambia Ami uso kwa uso, asije akasikia kwa watu. Ninaogopa sana. Najua mmoja wetu utamkasirikia, mimi au yeye, na sina njia ya kujua ni nani. Ikiwa ni mimi, unisamehe.

Mwenyezi Mungu alipoze kaburi lako, Babu. Ijumaa nitakuja na Baba kufungua zamu yako, hata ikiwa ni ya kulowesha mchanga tu.

Mjukuu wako,
Raya