Ugali Hauchambi

Jumanne usiku

Nimenawa mpaka kipande cha sabuni kimeisha, na bado naisikia ile harufu.

Wiki nzima kifuniko cha choo nilichokibuni kilifanya kazi vizuri kule karakanani Katubuka. Natupia donge la ugali wa muhogo kama ndio mzigo wenyewe, namimina kopo moja la maji, kinainama, donge linakwenda, kinajifunga. Kopo moja badala ya ndoo! Nikajiona fundi.

Jana nikakifunga Ujiji, kwenye choo cha wapangaji wa Bi Zaituni. Leo asubuhi kanipigia simu: "Njoo uone uchafu wako."

Ndugu wangu! Nimekuta kifuniko kimekwama nusu wazi, mzigo unaning'inia ukingoni, nzi wamejaa. Kumbe mtu akimaliza anachamba kwanza, na yale maji kidogo yanakiinamisha nusu kabla hajamimina kopo. Mimi nilijaribu kwa ugali. Ugali hauchambi!

Nikavaa glavu, nikaingiza mkono. Glavu ikachanika. Kinyaa kilichonipata...

Nikasema nakitoa. Bi Zaituni akanizuia: "Kitengeneze, mwanangu, usikitoe. Sisi maji tunayabeba kichwani."

Basi kesho narudi kule kule.

Jioni mama kapika ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Nikaomba kijiko.

"Ugali kwa kijiko? Unaumwa?"

Nikasema naumwa. Ningemwambiaje kwamba kwa haraka zangu niliingiza mkono wa kulia?