Tangu Upasuaji Nachonga Mawe Madogo

Mpendwa Mama Momanyi,

Leo asubuhi nimelowesha jiwe la kuchonga kwenye beseni lako la bluu, lile lililopasuka ukingo ukanikataza nisilitupe. Nimeona nikuandikie kabla sijaanza kazi.

Naandika kwa Kiswahili. Najua ungenishangaa, maana sisi wawili tuliongea Ekegusii hadi siku yako ya mwisho. Lakini kwa lugha yetu maneno ya ugonjwa huu hayanitoki. Nikisema saratani ya tezi dume kwa Kiswahili, ni kama nimesimama mbali kidogo, naweza kuyatazama maneno yenyewe bila kuinamisha kichwa. Tena nimekubali wengine waisome barua hii. Wako wanaume huku kwetu, wa hapa Tabaka na wa kwenu Nyamira, waliokaa kimya kama mimi.

Unakumbuka siku tuliyotoka hospitali kule Kisii baada ya upasuaji? Nilikuwa bado na mpira wa mkojo, na mfuko wake nimeuficha ndani ya koti refu la mvua, na jua linawaka. Ulinitazama ninavyotembea, ukasema, "Watu watadhani umeiba kuku." Nilicheka mshono ukaniuma, nikakuomba unyamaze, na wewe ukazidi.

Mpira ulipotolewa, mkojo ulikuwa unanitoka bila ruhusa. Nikikohoa, umetoka. Nikiinua jiwe, umetoka. Ulichukua shuka zetu kuukuu ukazikata vipande, ukanishonea, ukawa unavifua mwenyewe na kuvianika nyuma ya jikoni, leso yako juu yavyo ili mtu asivione. Mkaza mwana wetu alipouliza vile vitambaa ni vya nini, ulimjibu bila kugeuka, "Ni vya baba yenu vya kupangusia mawe." Nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilikusikia, nikashukuru kimoyomoyo.

Daktari alituambia, "Tumeondoa yote tuliyoyaona." Mimi nilishika neno "yote." Wewe ulishika neno "tuliyoyaona." Tukiwa njiani ulisema, "Hata mimi nikifagia, nafagia ninayoyaona." Halafu ukanunua ndizi, ukabadilisha mazungumzo.

Tulikuwa tumejipanga kwamba nitatangulia mimi. Hatukukaa kitako kulijadili, lakini ulikuwa umeanza kuniuliza majembe yanawekwa wapi na nani anatudai mawe. Kisha presha ikakuangusha wewe, Sabato asubuhi, ukichuma mboga za chinsaga kwa ajili ya wageni ambao hawakuzila. Siku ya mazishi watu walinitazama kama vile kuna aliyekosea nyumba. Sikuwalaumu. Hata mimi niliona hivyo.

Sasa nikupe habari ambazo hukuzikuta. Baada ya kukuzika, kile kipimo cha damu ambacho kilikuwa kimetulia chini kilianza kupanda. Kidogo tu, alisema daktari, lakini kinapanda. Kwa hiyo nachomwa sindano ya kupunguza homoni za kiume, kila baada ya miezi mitatu, na damu hupimwa tena. Huenda nikapelekwa kwenye mionzi, huenda nisipelekwe. Nilimuuliza, "Daktari, nimepona au sijapona?" Alivua miwani, akasema, "Mzee, tunaiangalia." Basi naishi hivyo, naangaliwa. Wiki ya kupimwa ikikaribia, chakula kinakosa chumvi hata kama kina chumvi.

Na sindano hii imenitendea jambo ambalo najua lingekufurahisha. Unakumbuka ile miaka ya mwili wako kuwaka moto? Tulikuwa kanisani kwenu Ekerenyo, asubuhi ya baridi na ukungu, watu wamejifunga shuka, na wewe ukavua kitambaa cha kichwa ukaanza kujipepea kwa kitabu cha masomo. Nilikunong'oneza, "Umekaa karibu na jiko gani?" Hukunijibu hadi tulipofika nyumbani. Sasa ni zamu yangu. Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni, jasho linanitiririka nikiwa nimekaa kivulini. Juzi dada yako Kwamboka alinikuta najipepea kwa kofia, akapiga makofi.

"Shemeji! Karibu kwenye kikundi cha akina mama! Tunakutana Jumatano, uje na kikombe chako."

"Na ada ya kuingia?"

"Umeshalipa, nakuona unatiririka."

Tulicheka, halafu akaondoka kwenda kusimama peke yake penye migomba, pale ulipo.

Kuna kitu ulikiona mapema kuliko mimi. Tangu upasuaji nachonga mawe madogo. Wanyama wa kiganjani, vijiko, visahani vya kuwekea pete. Wewe ulisimama mlangoni siku moja ukauliza, "Mbona unachonga vijisahani tu, kama mtu anayengoja gari?" Nilikwambia wafanyabiashara siku hizi wanataka vidogo. Nao walivitaka, ni kweli. Lakini pia nilikuwa siwezi kuanza jiwe ambalo sijui kama nitalimaliza.

Lililonisumbua zaidi halikuwa jiwe wala sindano. Daktari aliniuliza, "Una watoto wa kiume?" Nikamwambia ninaye mmoja, Momanyi, amepita miaka arobaini. Akauliza kuhusu baba yangu. Nikakumbuka jinsi mzee alivyokuwa akitoka nje kila wakati, akisimama kwenye ua muda mrefu, na sisi tukasema ni uzee, hadi akaufia uzee huo. Daktari akasema, "Basi mwambie kijana wako aje apimwe. Usichelewe."

Rahisi kwake kusema. Wewe unaijua chinsoni, ile heshima inayotenganisha baba na mwanawe katika mambo ya mwili. Tangu Momanyi aoe sijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Nasimama nje, naita, anatoka. Leo nitaanzaje kumtajia sehemu hiyo? Yeye alijua nilifanyiwa operesheni ya tumbo, basi. Nilipita mlangoni kwake mara nyingi na neno hilo mdomoni, nikaishia kumuuliza habari za ng'ombe. Kila nilipomwona akitoka nyuma ya nyumba akifunga mkanda, nilijiuliza kama amesimama huko kwa muda mrefu.

Nikamtuma ndugu yangu Nyakundi. Ungekuwepo, ungenizuia. Alirudi akifuta uso, akasema, "Nimemwambia." Nikalala vizuri.

Momanyi alikuja kesho yake, akakaa ukingoni mwa kiti chako, akakataa chai. Alikuwa amenuna kama siku ile tuliyomnyima baiskeli.

"Tata," aliniambia, "kama ni kuoa, sema. Usitume watu."

"Kuoa?"

"Baba mdogo alisema una jambo zito la mwanaume, na kwamba sisi watoto tusikuzuie. Mama hata majani hayajamea juu yake, Tata."

Nilicheka, Mama Momanyi. Tangu siku tuliyokuzika sikuwa nimecheka hivyo. Nilishika meza. Yeye akazidi kununa. Baadaye Nyakundi alikiri: "Ndugu yangu, nilifika pale maneno yakakauka. Mimi pia ni baba yake." Ni kweli. Nilikwepa chinsoni kwa kumtuma mtu aliyefungwa na chinsoni ileile.

Sikuweza kumjibu Momanyi tukiwa tumetazamana namna ile. Nikamwambia, "Hakuna mke. Twende ukanisaidie msasa."

Tulikaa kibandani kama zamani, yeye upande ule, mimi upande huu, beseni katikati, kila mmoja ameinamia jiwe lake, mikono ndani ya maji mamoja. Unajua kazi ya msasa haina macho ya kutazama mtu. Ukiinua kichwa unaharibu. Nilianza kwa kuzunguka. Nikamuuliza kama anakumbuka nilivyomfundisha kulowesha jiwe kabla ya kulinunua, kwa sababu likiwa kavu linaficha ufa, likilowa ufa unaonekana. Akasema anakumbuka. Nikamwambia mtu naye yuko hivyo. Akalowesha msasa wake. Nikazunguka tena, nikafika kwa babu yake, nikafika kwenye miti inayooza ndani gome likiwa zima.

"Tata," akasema, bila kuinua macho, "sema tu. Sikutazami."

Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kama ninavyoandika sasa. Nikataja saratani, nikataja tezi dume, upasuaji, kipimo kinachopanda, sindano. Nikasema huenda babu yake alikufa kwa ugonjwa huohuo, na kwamba yeye lazima apimwe hata kama hasikii chochote, kwa sababu mimi nilipoanza kusikia kitu, kilikuwa kimeshakaa. Msasa wake haukusimama hata mara moja. Nilikuwa nausikiliza.

Mwishowe aliuliza, "Mama alijua?"

"Mama yako ndiye aliyenifulia."

Alichukua kitambaa kilichokuwa ukingoni mwa beseni apanguse jiwe lake. Ni kimoja cha vile vyako, kile chenye maua ya manjano. Siku hizi sivihitaji tena kwa kazi uliyovishonea, napangusia mawe kweli. Alikigeuza, akaona mshono wako.

"Hivi ndivyo vile?"

"Ndivyo."

Nilidhani atakiweka chini. Alikitumbukiza kwenye maji, akakikamua, akapangusa jiwe taratibu, kisha akalipangusa na langu.

Alikwenda kupimwa wiki hiyohiyo. Yuko salama kwa sasa, ameambiwa awe anarudi kila mwaka. Hilo ndilo nililotaka ulijue kuliko yote. Nilipomsikia akiniambia, nilikaa juu ya rundo la mawe.

Siku hizi ndiye anayenipeleka Kisii. Muuguzi akianza maswali yake ya mkojo unatokaje, Momanyi anakumbuka ghafla kwamba ana njaa, anatoka kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Maswali yakiisha, yuko mlangoni na mahindi mawili. Chinsoni yetu haijafa, tumeifungulia dirisha tu.

Kipimo kingine kiko mbele yangu. Sijui kitasemaje. Jioni naketi kwenye kiti chako, nakuambia maneno ya siku, na hofu inakuja kuketi nasi. Siifukuzi tena. Naiachia nafasi, kama ulivyokuwa ukimwachia mgeni asiyeondoka, ukaendelea kumenya ndizi zako.

Jiwe nililolowesha leo si dogo. Momanyi alilileta kutoka machimboni kwa mkokoteni, jeupe lenye mishipa ya waridi, linatosha bakuli kubwa la matunda, kazi ya miezi mingi kwa mikono yangu ya sasa. Nilimwambia, "Hili ni kubwa mno kwangu." Akanijibu, "Utakapochoka nitashika mimi." Tuliligeuza kwenye maji, tukalitoa juani, tukalitazama pande zote. Hatukuona ufa. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba ufa mwingine hukaa ndani kabisa na hauonekani mpaka patasi iufikie.

Leo tunaanza kulichonga.

Pumzika hapo kwenye migomba yako. Ukisikia nyundo, ni sisi.

Mumeo,
baba yake Momanyi