Farasi Akivuka Bahari Harudi

Mpendwa Ragnheiður, wewe tunayekusikiliza redioni kila Jumapili, naomba unishike mkono maana nimekwama, na hapa sina wa kumwambia bila bonde zima kujua kabla ya chakula cha jioni. Jina langu usilitaje. La farasi litaje ukitaka, ingawa kwa hilo majirani watanijua tu.

Mimi ni mjane, nipo hapa Skagafjörður, kaskazini mwa Aisilandi yetu, marehemu mume wangu Eyvindur alikuwa mfugaji wa farasi na mtu wa mizaha, na asubuhi za kiangazi alikuwa akipanda farasi huku mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa kilichojaa pomoni, anateremka hadi mtoni kwa tölt, ule mwendo laini ambao mpandaji hatikisiki, na akirudi ananinyooshea kikombe, "Haya bibi mkaguzi, kuna tone limepotea?" nami nalitafuta tone silioni, na binti yetu Hallbera anacheka mpaka anakaa chini kwenye nyasi, na siku zile, Ragnheiður, nilizidhania ni siku za kawaida tu. Kikombe kiko dirishani hadi leo, na sijamruhusu mtu kukinywea.

Farasi wa mwisho aliyezaliwa mikononi mwa Eyvindur ni Léttir, na alimpa Hallbera hapo hapo, manyoya hayajakauka. Sasa Hallbera amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo Ujerumani, mwaka mzima, kwenye shamba wanakofuga farasi wetu hawa hawa wa Aisilandi, na mimi nilifurahi, nasema kweli nilifurahi, nikawa nakanda maandazi jikoni huku naimba, mpaka alipoingia akasema:

"Mama, wameniambia naweza kwenda na Léttir. Banda lipo, malisho yapo."

"Na kurudi je?"

"Nitarudi, mama. Ni mwaka tu."

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza Léttir."

Sheria tunaijua sote tangu tukiwa watoto, farasi akishatoka kisiwani harudi tena asije akatuletea magonjwa, hata awe bingwa wa mabingwa. Hallbera akasema kwa upole, "Mama, ni wangu. Baba alinipa." Na mimi, sijui ni shetani gani aliyenipanda, nikamwambia, "Mchukue basi! Lakini ukivuka naye bahari, na wewe usirudi."

Akatoka bila kufunga mlango. Tangu siku hiyo anakaa kwa kaka yangu Þórður ng'ambo ya mto, na Þórður naye ananipigia simu kunicheka, "Dada, uzee huu unamwonea wivu farasi?" Wiki ijayo gari la kubeba farasi linapita. Léttir akienda, naona kama Eyvindur anatoka mlangoni mara ya pili, na naogopa binti naye hatakuwa na cha kumrudisha. Nimkatalie? Nifanye nini?

Mjane wa Skagafjörður

*

Mjane mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeshika kahawa, na hiyo kahawa nimeimwaga mezani bila hata kupanda farasi. Eyvindur wako alikuwa fundi. Pole sana, mama, na asante kwa kutuonjesha asubuhi zile. Nimezitamani.

Sasa nikugombeze. Kaka yako anakosea, huna wivu wowote. Wewe umemgeuza Léttir kamba ya kumfungia binti yako, na kamba yenyewe si mali yako. Alipewa Hallbera, tena mbele ya macho yako. Humkatalii mtu farasi wake.

Tena kuna jambo umelinyamazia, na mfugaji kama wewe huwezi kusema hulijui. Farasi waliozaliwa kwetu wakifika huko wengi huumwa na vijidudu vya kiangazi, visubi ambavyo hapa kwetu havipo, wakajikuna mikia na shingo mpaka vidonda. Hiyo ndiyo hoja ya kumweleza, kwa ajili ya Léttir na si kwa ajili ya upweke wako. Lakini wewe ulianza na laana, hoja ukaiacha jikoni na maandazi.

Kwa hiyo vuka mto leo, usimtume Þórður. Omba radhi kwanza, kabla jina la farasi halijatajwa, na usiweke neno "lakini" mwishoni. Kisha mweleze habari ya vijidudu, halafu funga mdomo aamue mwenyewe. Akimwacha, mng'oe Léttir viatu vya chuma, mfungulie mlimani na wenzake, apumzike mpaka Hallbera arudi. Akimchukua, mchane manyoya ya shingoni kwa mkono wako na usimame getini mpaka gari lipotee. Utalia. Lia, upepo wa huko utakukausha.

Ile sheria ya kutorudi iliwekwa kwa farasi, mama. Ya binti umeitunga wewe, na ni wewe peke yako unayeweza kuifuta.

Na usiende mikono mitupu. Kitoe kile kikombe dirishani, kioshe, mpe Hallbera aende nacho. Kikombe kinaruhusiwa kurudi.

Ragnheiður